Utambi wa Tatu

Kwako Siwema, mwanangu wa pekee, ambaye nikipita naye njiani watu hugeuka kutazama. Salamu zangu unazo tangu ungali tumboni, kwa hiyo hapa sizirudii.

Umekwenda kusukwa kwa shangazi yako na kicheko chenu nakisikia hadi uani kwangu. Nywele zako ni za kumchosha msusi, zimetoka kwangu hizo, basi najua ninao muda mpaka magharibi. Karatasi nimemwomba mwalimu wa chuo cha Kurani. Akadhani nataka aniandikie, akaanza kuchovya kalamu. Nikamwambia, mwalimu, nipe hiyo kalamu, maneno ninayo mwenyewe. Alicheka lakini alinipa. Usiangalie herufi zinavyolaliana. Baba yangu alinisomesha mpaka nusu ya msahafu, na katika wanawake wa Ruaruke wa rika langu nitajie mwingine mmoja anayeweza kuandika hata jina lake.

Habari za kupika na kukaa na mume sikuandikii. Ulifundwa, na shangazi zako wameyasema siku saba hizi mpaka sauti zimewakauka. Mie nataka kukwambia habari za mkoba. Kesho asubuhi, mbele ya watu wa hapa na wa Mbwara, desturi inataka nikuvishe mkoba wangu wa dawa uende nao Mloka, ambako tangu vita viishe hawana mtu wa kufunga jeraha wala wa kupokea mtoto. Mumeo amekupenda kwa uso wako, lakini wazee wa Mloka wamekupenda kwa mkono wako, na mkono huo nimekupa mie. Nataka ujue ni mkono wa namna gani kabla hujaupokea. Kuna jambo nimelificha miaka miwili na ushei, na kesho nitalisema kabla mkoba haujatoka kwangu. Sikutaka ulisikie mara ya kwanza pamoja na watu.

Nianze na baba yako, maana kila nikitaka kuanzia kwingine najikuta nimerudi kwake. Mwaka ule vita vilipoanza, pamba ya akida ilikuwa imepasuka shambani, nyeupe, ukiitazama asubuhi hujui pamba inaishia wapi na ukungu unaanzia wapi, na hakuna aliyetaka kuichuma. Watu walikuwa wakitembea kama waliolala. Ukimwita mtu anageuka polepole, anakutazama kana kwamba anakuona kwa chini ya maji. Ndipo wakaja wale watu wa dawa, na maji yao yenye mtama ndani ya kibuyu, wakasema risasi za Wadachi zitageuka maji. Baba yako alinyunyiziwa, akafungwa bua la mtama kichwani, akapewa mwiko: asichukue cha mtu vitani, na asilale na mkewe.

Siku kumi na moja alilala juu ya dungu letu la shambani. Namwekea chakula chini ya ngazi, naondoka. Naye, unamjua alivyokuwa, ananichungulia kutoka juu na kuniambia, "Wewe mwanamke, usitembee hivyo, utaniharibia dawa." Nikacheka njia nzima. Mpaka leo nikipita shamba lile nasikia sauti yake iko juu yangu, inatoka mahali pasipo na kitu, maana dungu lenyewe lilishaanguka.

Hakurudi. Aliyeleta habari ni yule yule aliyemnyunyizia. Alisimama pale wanawake walipokaa matangani, na mama yake baba yako akamwuliza, ikawaje dawa ikashindwa. Yule mtu hakunitazama hata kidogo. Alisema, "Muulizeni mkewe."

Wewe ulikuwa mkubwa wa kutosha kuona lakini si wa kuambiwa. Uliniuliza kwa nini wanawake wanasubiri niondoke kisimani ndipo wateke. Nikakwambia wananiheshimu. Ukweli ni kwamba machoni pao nilikuwa mwanamke aliyemwua mumewe kwa tamaa. Nilimwapia bibi yako kwa Mungu na kwa msahafu, akaniambia, "Naamini unaapa, mwanangu, lakini mwanangu mimi amekufa." Nilimlaani yule mtu wa maji kila baada ya sala. Wadachi walipomnyonga nikaambiwa hata kwenye kamba alikuwa anasema watu wamevunja mwiko, nami nikasema, afadhali.

Kumbuka hapo, Siwema. Kumbuka kwamba mie nilijua maneno yale yana ladha gani mdomoni.

Watu walirudi kwangu kwa sababu ya majeraha. Mwenye mguu uliochanika hana nafasi ya kuuliza habari za chumbani kwako. Na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa na jina. Hata askari wa Wadachi alikuja siku moja kichakani kwa siri, kidole kimevimba kama mhogo, akaniambia kama nikisema kwa mtu ataniua. Nikamwambia kaka, nikikuacha hivyo kidole kitakuua chenyewe, kaa chini. Kilipona. Watu walianza kuletwa kutoka Mbwara na vijiji vya mtoni, wengine kwa vitanda, wengine mgongoni, mpaka ua wangu ukawa na wagonjwa kumi na tisa. Nilikuwa napita katikati yao nikiwa nimeinua shingo. Nilisema mwenyewe, mbele ya watu: aliyeingia ua huu anatoka kwa miguu yake.

Kazi ya tambi unaijua, lakini naiandika, huenda siku moja mwanao akaisoma. Jeraha la risasi likifunga mdomo upesi, ndani huoza. Kwa hiyo tunasokota pamba, tunazichemsha tambi zake katika maji ya magome ya mkandaa, tunazipenyeza ndani zinyonye uchafu, na siku ya tatu tunazitoa na kutia nyingine. Na kwa sababu utambi ukilowa damu hufanana na nyama, bibi mzaa mama yangu alituachia ugwe. Kila mgonjwa ana ugwe wake wa ukindu umening'inia kwenye kitanda. Utambi ukiingia unapiga fundo, ukitoka unafungua fundo. Ugwe usio na fundo ndio ruhusa ya kuliacha jeraha lifunge.

Basi aliletwa Athumani wa Mbwara, risasi imemwingia pajani na kutokea nyuma. Ndugu zake wamembeba kwa kitanda, na mkewe, Zena, anatembea kando ameshika kipande cha nguo juu ya uso wa mumewe kumkinga jua. Umri wa Zena haukukuzidi sana. Athumani alikuwa mtu wa maneno. Nilipomwuliza unaumwa nini, alisema, "Bi Mwanaheri, nimekuletea paja, mie nimelisindikiza tu." Ua mzima ulicheka, hata waliokuwa hawawezi kucheka bila kuumia. Nilimpenda kwa hilo. Nikamtia tambi tatu, nikapiga mafundo matatu, nikampa na miiko yangu: asile chumvi, asivuke maji, asilale na mkewe mpaka nimruhusu.

Alikaa kwangu mwezi na kidogo. Tambi nilibadilisha vizuri, mara baada ya mara. Ikafika siku ya kuzitoa za mwisho. Siku ile wameletwa watu watano kutoka kijiji kilichochomwa moto, na mie siku tatu sijala ila uji wa ndiga, kile kiazi cha porini, na ndiga kama hukuiloweka vya kutosha hukulevya kichwa. Dunia ilikuwa laini kama pamba. Nakumbuka naona mikono yangu inafanya kazi mbali, kama ya mtu mwingine. Nilitoa utambi wa kwanza, nikatoa wa pili, nikaitwa kwa mtoto aliyeungua. Niliporudi kwa Athumani nikakuta ugwe wake una fundo moja.

Nililitazama. Fundo dogo, limekauka damu. Kutia kidole ndani ya jeraha kutazama kungenichukua muda wa kumeza mate mara mbili. Lakini nikajiambia, zote umetoa, umesahau tu kufungua. Mie kusahau utambi ndani ya mtu? Mie, Mwanaheri? Basi ugwe ndio uliokosea. Nikalifungua lile fundo kwa kucha.

Zena alikuwa amekaa miguuni pa mumewe. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, mbona hilo fundo lilikuwa limebaki?"

Nikamjibu, "Nani amekufundisha kuhesabu mafundo yangu, wewe ambaye hata ushanga wa kiuno chako unahesabiwa na mumeo?"

Watu walicheka. Athumani mwenyewe alicheka. Zena aliinama, akaanza kumpepea mumewe.

Jeraha likafunga siku ya tisa, safi, kovu kama mstari wa kalamu. Nililionyesha kwa kila aliyepita. Nilimwambia Athumani ainue nguo watu waone kazi. Siku ya kumi na tatu ikaanza homa. Sasa sikiliza, mwanangu, hapa ndipo ninapotaka ukae na mie muda mrefu kuliko kwenye lile fundo. Fundo lilikuwa uchovu na kiburi, na uchovu na kiburi vitakupata nawe, kwa sababu u mwanangu. Lakini siku ile ya homa nilijua. Nikaanza kutibu homa. Nilimpa majani ya mwarobaini, nikamfukiza, nikamkanda. Siku nne nilitibu homa nikilikwepa paja, kwa kuwa nikilipasua kovu lile zuri, watu watauliza kwa nini nalipasua. Siku nne hizo ndizo zilizomwua.

Siku ya tano nilipasua. Zena ameshika bakuli. Ulitoka usaha mwingi, kisha kidole changu kikagusa kitu, nikakivuta. Utambi wa tatu. Mweusi, laini, unanuka. Nikaukunja kiganjani.

"Nini hicho, mama?"

"Usaha."

Athumani alikufa kesho yake adhuhuri. Kabla ya kunyamaza alinishika mkono, huo huo, akanishukuru. Angenitukana, huenda leo ningekuwa na mzigo mwepesi.

Mama yake akafika kutoka Mbwara jioni ile, akasimama uani kwangu mbele ya wagonjwa wangu wote na ndugu zake, akaniuliza bila hasira, "Mwanangu si alikuwa amepona? Kovu si nililiona mwenyewe? Ikawaje?"

Nilikuwa na utambi bado, nimeuchomeka kwenye pindo la nguo yangu. Nilifungua kinywa nikidhani nitasema Mungu amependa. Sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya yule mtu wa maji.

"Muulizeni mkewe," nikasema.

Maneno mawili. Sikuhitaji la tatu. Vita vilikuwa vimeshawafundisha watu yaliyobaki.

Zena alikana, na kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Kisha, wiki mbili baadaye, akiwa ndani ya eda, ikajulikana ana mimba. Wakaniita. Mama mkwe wake akaniambia, wewe ndiwe mkunga, tuambie mimba hii ya lini. Niliweka mkono tumboni mwa yule binti. Siwema, mkono wangu haudanganyi, unajua. Ilikuwa miezi minne na zaidi. Mimba ya kabla ya maji, ya kabla ya vita, mimba halali ya mtu na mkewe nyumbani kwao. Ningesema hivyo, angekuwa huru palepale, na swali lingerudi kwangu. Zena alikuwa ananitazama machoni. Alikuwa bado ananitumaini, unaona. Nikasema, "Mimba changa haisemi umri wake."

Hata eda hawakumwacha aimalize kwa amani. Walimrudisha kwao Mloka. Alipita hapa njiani, mkeka kichwani, wewe ulikuwa nyuma ya jiko ukitwanga magome. Ukaniuliza yule dada anakwenda wapi peke yake. Nikakwambia, twanga.

Yaliyonipata baada ya hapo nakueleza kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza mie. Mganga akikosea watu humtazama mgonjwa, na ni haki, mgonjwa ndiye anayelala kaburini. Lakini kosa likifichwa linaingia ndani ya mganga na kuanza kutibu kwa mikono yake. Miiko yangu ikaongezeka. Zamani nilikuwa natoa mitatu. Ikawa mitano, ikawa saba. Mtu anakuja na jipu la kwapa, nampa miiko saba: usile pweza, usipite njia panda, usikae kizingitini. Watu wakasema, Bi Mwanaheri amezidi ujuzi. Kumbe nilikuwa najijengea ukuta nyuma yangu, jipu likigoma nipate pa kujificha. Mgonjwa anayeshika miiko saba bila kukosea hajazaliwa. Ukitaka kumjua mganga mwenye hofu, mwanangu, hesabu miiko yake. Mmoja, kama chumvi kwa mwenye uvimbe, ni dawa. Ile mingine ni ya mganga.

Kisha nikawa naogopa kupasua. Alikuja mama mmoja na mwiba umezama unyayoni. Kazi ya mtoto, ungeifanya wewe huku unaimba. Nikamwambia arudi baada ya siku tatu, kisha baada ya tatu nyingine. Anachechemea mpaka leo. Hakuna anayenilaumu, kwa sababu sikumgusa. Hilo nalo nataka ulijue, kwamba kuna kudhuru kwa mkono na kuna kudhuru kwa kuuficha mkono.

Na ndoto. Ile ninayoiota sana si ya kutisha. Mto umefurika mpaka uani, maji yameinua vitanda vyote kumi na tisa, vinaelea taratibu, na wagonjwa wamekaa juu yake wanazungumza kama watu wa harusini. Baba yako yumo. Athumani yumo, anawachekesha. Mie nimesimama kwenye kizingiti, maji ni ya kifundo cha mguu tu, naweza kuwafikia wote. Lakini kila kitanda kikinipitia, aliye juu yake ananisalimia kwa heshima, kisha anageuza uso kutazama upande mwingine. Naamka nikiwa nimelowa.

Usije ukadhani kila atakayefia mkononi mwako umemwua. Yule mzee aliyeletwa na risasi ya tumbo, unamkumbuka, uliyekuwa ukimsomea Yasini? Nilifanya yote, nikamwambia mwanawe tangu siku ya kwanza kwamba hili limenishinda, nami nitakaa naye tu. Alikufa, na mwanawe mpaka leo akivuna mpunga ananiletea. Kifo kile hakijawahi kuniamsha. Kwa hiyo najua tofauti, nimelala na vyote viwili. Kilichonikosesha usingizi kwa Athumani hata si kwamba nilisahau. Ni kwamba nililiona fundo. Ni kwamba binti aliniuliza nikamfanya kichekesho mbele ya watu. Laiti ningemwambia, hebu njoo tutazame pamoja. Maneno hayo hayapunguzi jina la mtu. Nimejifunza kuyasema uzeeni, yananitoka kwa shida, kama mtu anayejifunza kuogelea na meno yameshang'oka.

Yule mtu wa maji simlaani tena. Sisemi alifanya vyema. Nasema huenda naye alimwona mtu wa kwanza akianguka, akaona fundo, akasema ugwe ndio uliokosea. Halafu wakaanguka wengi mno, na hakukuwa tena na pa kurudi. Nimemwelewa, na kumwelewa kwenyewe hakujanipendeza.

Ningekufa na haya, sikufichi. Lakini wazee wa Mloka walipokuja kukuomba, walikula, wakasifu, nami nikajisifu zaidi yao, na mmoja wao katika mazungumzo akasema, "Kwetu kule kuna mjane aliyetoka Mbwara, ana mtoto wa kike, watoto wenzake hawachezi naye. Wanamwita Mwiko." Wakacheka kidogo, wakahamia habari za nguruwe kwenye mahindi. Mie nilikuwa nimeshika sinia. Nililishika mpaka uliponipokonya, ukaniuliza, mama, una nini.

Ndiyo safari niliyokwenda mwezi uliopita. Nilikwambia nakwenda kutazama mahali utakapokaa. Nilikwenda kumtazama Zena.

Nilimkuta shambani, juu ya dungu, anafukuza nyani kwa kupiga debe. Mtoto amelala nyuma yake. Alinijua kwa mbali. Hakushuka, nami sikuthubutu kupanda, nikasimama chini ya ngazi kama mtu aliyeleta chakula. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mazuri, unajua mie hakuna anayenishinda kwa maneno. Yalinitoka kama makapi. Nikasema, kulikuwa na utambi ndani yake, niliusahau mie, na wewe huna kosa.

Akaendelea kutazama mahindi. Kisha akasema, "Najua. Niliuona mkononi mwako."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilisema, Bi Mwanaheri. La fundo nilikuuliza, ukawachekesha watu. La pili ningemwambia nani?"

Nyani wakarudi, akapiga debe, mtoto akaamka. Nilikuwa nimebeba kitenge kipya na mtungi wa asali. Nikamwambia, nimemletea mtoto. Akavitazama kutoka juu. "Sitaki kitu chako," akasema. "Yale uliyoyasema, uliyasemea uani kwako, mbele ya mama mkwe wangu. Kayasemee palepale uliposimama. Na mie niwepo nisikie."

Nikamwuliza jina la mtoto. Alimpakata mtoto kwanza, akamfuta uso.

"Salama," akasema.

Zena amefika jana, Siwema. Amefikia kwa mke wa mwalimu, na mwanawe. Ndiyo sababu mwalimu alicheka vile aliponipa kalamu, hakikuwa kicheko cha furaha, alikwisha jua kwa nini Zena amekuja. Mama yake Athumani anakuja kesho alfajiri na watu wa Mbwara. Anadhani anakuja kukupongeza. Nitawakalisha wote, nitasimama pale pale, karibu na jiko, na nitasema: fundo nililiona, nikalifungua. Utambi niliutoa, nikauficha. Mimba niliijua, nikanyamaza. Yule mtoto ni wa Athumani, amepatikana kwa halali, na Zena hakuvunja kitu. Nimejizoeza kwa sauti mara nyingi mpaka kuku wamezoea. Usiogope kwamba nitalia. Mama yako hata aibu ataivaa vizuri kuliko wenzake wanavyovaa nguo za Idi.

Itakavyokuwa baadaye sijui. Huenda mama yake Athumani akanipiga, ana haki. Huenda wagonjwa wakahama, na wanawake waliokuwa wakisubiri niondoke kisimani watasubiri tena. Huenda ndugu wa mumeo wakanong'ona, mkono ulionao umetoka wapi. Kwa hiyo mkoba nitauweka juu ya mkeka mbele yako, sitakuvisha kwa mkono wangu. Ukiuchukua, uchukue mwenyewe. Ukiuacha, mie sitaona haya, na wewe usione. Utakwenda Mloka ukiwa mke wa mtu na fundi wa kusuka mikeka, inatosha. Ila nikwambie ninavyokuona, maana kesho sitapata nafasi ya kukusifu, na mie kukaa siku nzima bila kukusifu ni maradhi. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Na mara mbili nimekusikia ukimwambia mgonjwa, ngoja, sina hakika, nimwulize mama. Nilikukemea. Nilisema unatutia aibu. Lile ndilo jambo zuri kuliko yote uliyowahi kufanya uani kwangu, na hukulipata kwangu, sijui ulilipata wapi.

Kicheko chenu kimenyamaza, nadhani msusi amefika kisogoni. Nafunga.

Zena anarudi Mloka na wewe, mtumbwi mmoja, siku nne za kupanda mto. Mpishe akae mahali pakavu. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, huo si wako wa kuomba, na usimsemeshe mpaka akusemeshe. Mtoto akimlemea, nyoosha mikono, kisha ngoja akupe mwenyewe.

Aliyekuzaa,
Mwanaheri